Hakuna Aliyesema Hapana

"Mbona mnatutazama kama watu waliokuja kumuaga mgonjwa?"

Swali hilo tuliulizwa na mwanamke aitwaye Karambu, jikoni kwake, tukiwa tumeketi watatu juu ya vigoda na vibuyu vya uji mikononi, mimi, baba yenu Kivuti na rafiki yetu Idrisi. Baba yenu alikunywa uji. Idrisi alitazama moto. Na mimi, niliyekuwa nikiwashinda vijana wa vyuo vingine kwenye mijadala mpaka wanakataa kunipa mkono, nilimwambia uji wake ni mtamu.

Sikilizeni, wanangu. Nyamu, sogeza kiti, na hiyo simu uizime. Purity, niinulie mto kidogo, hapo, basi. Nitasema mara moja tu, maana kifua hiki hakina tena pumzi ya kurudia, na msinikatize kwa kusema mama pumzika. Kupumzika kunakuja kwenyewe, hakuhitaji kuitwa.

Karambu alikuwa amekufa kabla babu wa babu yenu hajazaliwa, na uji wake niliunywa. Mnalijua lile pango nyuma ya maporomoko, pale shamba letu linapopakana na msitu, ambalo tangu mkiwa wadogo tuliwakataza kuingia kwa sababu ya chui. Hakuna chui. Hajawahi kuwako. Kuna njia. Mtu akiingia humo wakati wa baridi ya mwezi wa saba, ukungu ukiwa mzito hata huoni mkono wako, akatembea bila kugeuka nyuma, hutokea kwenye mlima huu huu, lakini mlima wa kale, kabla ya majani chai, kabla ya barabara, kabla ya mtu yeyote kupaita hapa Kibugu. Msiniulize kwa nini. Mimi nilisomea historia, si fizikia, na Idrisi alipojaribu kunichorea kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni alinipa maumivu ya kichwa tu.

Tulianza na shimo. Baba yenu alikuwa akichimba choo cha wachumaji pale chini ya mteremko, mahali ambapo leo Misheck na wenzake wasio na ardhi wamejenga, akakuta mafiga, akakuta chungu, kisha akakuta watu. Walikuwa wamelala kama watu wanavyolala, mama amemzungushia mtoto mkono. Tukamwita Idrisi, ambaye baba yake alikuwa na bucha pale Makutano na ambaye alisomea mambo ya kale wakati ukoo wake wote ukimcheka kwamba ameacha nyama akafuata mifupa. Idrisi akakaa na lile shimo siku nzima, akatoka amechafuka mpaka kwenye nyusi, akasema, "Hawa hawakuzikwa. Hawa walifunikwa. Mlima ulishuka wakiwa ndani." Mle chunguni mlikuwa na masuke ya ulezi mabichi, yaliyokatwa kabla ya kukomaa, na akasema kwamba walikufa majira yale watu wanapoanza kuonja mavuno kwa kukosa subira.

Kwa hiyo tulipoingia pangoni kutafuta mabaki mengine, na kutokea kule, na kuona moshi unapanda kutoka mahali pale pale tulipochimba, na watoto wanakimbizana pale pale tulipoikuta mifupa yao wenyewe, tulijua. Mvua ilikuwa inanyesha kule. Karambu alikuwa amening'iniza masuke mabichi juu ya moto yakauke. Ndipo tulipomtazama vile, na ndipo alipouliza.

Lugha yao? Ilikuwa Kiembu, lakini Kiembu cha bibi asiye na meno. Ukitega sikio unaelewa. Sisi tulipotaka kubishana tulibishana kwa Kiswahili, ambacho mlima ule ulikuwa haujawahi kukisikia, na mama yake Karambu, kipofu aliyelala karibu na moto, akamwuliza bintiye hao ndege wanaimba nini.

Tulibishana vikali. Baba yenu alisema tusiseme neno. "Dunia ni kama kiondo," alisema. "Ukichomoa uzi mmoja wa chini, hujui ni upande gani utakaofumuka. Hawa wakiishi, watalima juu, wataoa juu, na wale wa juu ndio mababu zangu. Nani atazaliwa? Nani hatazaliwa?" Nikamwambia kiondo kilichofumwa juu ya maiti za watoto si kiondo, ni jeneza lenye mshipi. Idrisi akasema kunyamaza si kukaa kando. Ukinyamaza umeshachagua, ila umechagua bila kuchafua mikono. Basi baba yenu, aliyekuwa mtu mpole, Mungu anajua, alinyoosha kidole, hakukinyoosha kwangu usoni, alikinyoosha hapa tumboni. Akasema, "Na huyu je?"

Nyamu, ulikuwa wewe. Mimba ya miezi michache. Nimeshiriki mijadala mingi maishani, na sijawahi kuona hoja inayonyamazisha watu kama ile. Wewe ndiwe uliyekuwa hoja, mwanangu, kabla hujawa na jina.

Hata hivyo nilisema. Asubuhi yake nilimfuata Karambu kisimani nikamwambia wazi kwamba mteremko utashuka na wao wote watakuwa chini yake. Nilitegemea apige kelele. Nilitegemea aniite mchawi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili, na majibu ninayo. Yeye alitua mtungi, akanicheka, si kwa furaha, akanishika mkono akanipandisha nyuma ya nyumba yake na kunionyesha ufa, mrefu, umekata mteremko kama kovu, na kando yake vijiti, vijiti vingi, vimechomekwa kwa mstari.

"Kila mwezi mpya tunachomeka kingine," alisema. "Unaona vya kwanza vilivyoachana? Mbuzi wetu hawalali. Maji ya kisima yana udongo. Mwari, ulifikiri sisi ni vipofu, tukakungoja wewe utoke ukunguni kutuambia?"

"Mbona hamhami, basi?"

"Tuhamie wapi?"

Wanangu, nilikuwa nimesoma. Nilikuwa nimekesha na wanaume wawili waliosoma tukipima kama tuna haki ya kuwapa habari, kana kwamba habari ndiyo waliyoikosa. Wao walikosa ardhi. Watu wa Karambu walikuwa wageni wa juzi, ukoo uliokuja na njaa, wakapewa kule chini kwa sababu hakuna mwingine aliyekutaka. Juu ya mteremko kulikuwa na uwanda mzuri, mkavu, imara, nao ulikuwa wa wale wa juu, na walikuwa wakiulishia ng'ombe. Ndiyo, Nyamu. Uwanda ule ule tunaoumiliki leo.

Wakati huo nilikuwa nimeshamtajia Karambu ukoo wa baba yangu, akaushika mkono wangu tena kwa nguvu nyingine kabisa. Hapa lazima niwaeleze, maana mmelelewa kwa kukimbizwa baina ya shule na mji na hakuna aliyewafundisha. Kuna kitu kinaitwa gichiaro. Ni udugu uliofungwa kwa kiapo kati ya ukoo na ukoo, na mtu wa gichiaro akikuomba kitu hukatai, awe mtoto, awe mwanamke, awe amevaa gunia. Kumkataa ni kujitafutia laana. Ukoo wa baba yangu kule Imenti na ukoo wa baba yenu hapa Embu wana kiapo hicho tangu zamani, na Karambu alikijua. "Wewe ni gichiaro wa wale wa juu," alisema. "Sisi tumeomba mpaka magoti yameota sugu. Nenda wewe ukatuombee huo uwanda. Wewe hawawezi kukukataa."

Nikaenda. Baba yenu akanifuata, kwa kuwa hakuweza kuniacha niende peke yangu nikiwa katika hali ile. Tukawakuta wazee wameketi na pembe ya pombe inazunguka, mkubwa wao akiitwa Njura, mtu mwenye uso wa baba yenu hasa, hata ile tabia ya kujikuna sikio akiwa hataki kusema. Nikasimama. Na mimi nilifundishwa kwamba msemaji huanza kwa kujitambulisha kwa heshima. Nikasema, mimi ni mke wa huyu, Kivuti, na nikataja ukoo wa Kivuti, kama mke yeyote mwenye adabu anavyofanya leo akisimama kanisani.

Hapo ndipo niliposhindwa, na wala sikujua. Niliendelea. Niliongea vizuri, wanangu, sijawahi kuongea vile tena. Niliwaelezea ule ufa, na wale mbuzi, na mama kipofu. Kisha nikamalizia na silaha yangu, nikataja ukoo wa baba yangu, nikasema, nawaombeni kwa gichiaro, wapeni uwanda.

Njura akajikuna sikio.

"Mama," alisema, "mtu wa gichiaro haolewi kwetu. Ni dada yetu huyo. Umesema wewe ni mke wa ukoo huu, sasa unasema wewe ni gichiaro wa ukoo huu. Mdomo mmoja, maneno mawili. Tushike lipi?"

Wakacheka. Mmoja akasema, "Msichana ana baba wangapi?" Mwingine akamwambia baba yenu, "Mkeo anajua kusema, mpe uji apumue."

Ni kweli watu wa gichiaro hawaoani. Wazee wetu walinung'unika sana tulipooana, na sisi tukawaona washamba, tukaenda kwa kasisi tukafunga ndoa, tukasahau. Nani siku hizi anakumbuka? Ningetaja ukoo wa baba yangu kwanza nikanyamaza, wangesimama wote. Kwa sentensi moja ya heshima nilijivua haki ya kuomba.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja pale ambaye angeweza kunitoa. Njura alimgeukia baba yenu akamwuliza, "Wewe ni wa damu yetu, uso wako unasema. Huyu ni nani hasa, na wewe unasemaje?" Angesema, kwetu ndoa hii imeruhusiwa, na yeye ni gichiaro kweli, msikilizeni. Maneno hayo tu. Baba yenu akatazama tumbo langu, akatazama chini, akasema, "Ni yeye ameona aseme."

Hicho ndicho kinyongo mlichokikuta nyumbani na hamkujua kimetoka wapi. Tulilala kitanda kimoja na baba yenu mpaka alipokufa, nilimpikia, nilimuuguza, nilimlilia, na haukupita mwaka ambao sikumwuliza kimoyomoyo, ungepoteza nini? Na yeye, bila mimi kufungua mdomo, alikuwa akinitazama akikushika wewe mkono, Nyamu, kana kwamba jibu ni hilo. Nimemsamehe. Nawaambia nimemsamehe, ingawa msamaha wangu umechelewa njiani na sijui kama ulimfikia.

Na msidhani wale wazee walikuwa wabaya. Laiti wangekuwa wabaya! Njura alisema kwa upole kabisa, "Wale wa chini ni ndugu zetu, hatujawakataa. Tumesema wangojee mavuno yaishe, kisha tutakaa tuzungumze." Hakuna aliyesema hapana. Katika jambo lile lote, tangu mwanzo mpaka udongo uliposhuka, hakuna mtu hata mmoja aliyesema hapana. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ndivyo wasemavyo, na matumbo yaliyoumia hayakuwa ya wale waliosema ngoja.

Tulishuka kumwambia Karambu. Hakulia. Alisema, "Basi tutakaa nao wakikaa," akarudi kuchochea moto. Mvua ikazidi. Baba yenu akasema turudi pangoni kabla ukungu haujaondoka. Idrisi akafunga kamba za viatu vyake, akasema yeye atatufuata, anamchukua yule mama kipofu kwanza ampeleke juu, wapende wasipende. "Mimi sina ukoo wa kuombea kwenye mlima huu," alisema, "sisi wa Makutano ukoo wetu ni barabara. Lakini mgongo ninao." Alikuwa akicheka. Nilimwona ameinama, yule bibi anapandishwa mgongoni na kumwuliza kama yeye ndiye mmoja wa wale ndege.

Tulikuwa mdomoni mwa pango tuliposikia. Sitawaeleza sauti ile. Ilikuwa sauti kubwa, kisha hakukuwa na sauti hata ya mbuzi.

Tulitoka watatu tukarudi wawili. Tulipanda Meru kumwambia dada yake Idrisi, Sharifa, na tulimwambia ukweli wote, pango na yote, pale bucha wateja wakingoja. Akaifuta meza, akasema, "Mama Nyamu" — nanyi hamjazaliwa, aliniita hivyo baadaye, samahani, nachanganya — akasema, "Shemeji, mtu akimpoteza ndugu yangu anipe uongo unaofanana na kweli, asinidharau." Tangu siku hiyo ameniuzia nyama bila kunitazama usoni. Akija kunizika, na atakuja, watu wa Makutano huwa hawakosi mazishi, mpeni kiti cha mbele, na msimwambie ni mimi nimesema.

Purity, maji. Kidogo. Inatosha.

Sasa mali. Purity, vile vyumba vya wanafunzi kule Nchiru ni vyako, na uache kupandisha kodi kila wakifungua chuo, wale ni watoto wa watu. Nyamu, majani chai yote ya upande wa mto ni yako, na nyumba hii, na ng'ombe, ila yule mwekundu mpeni Wanja aliyeniogesha mwaka huu wote. Msigombane kwa vyombo. Hayo ni mepesi.

Uwanda wa juu ndio mzito. Baba yenu hakuupanda chai, mnakumbuka mlivyomsumbua? Hakuupanda kitu. Hati yake ina majina yetu matatu, kwa hiyo sina uwezo wa kuutoa peke yangu, na kama ningekuwa nao nisingewaita. Nawaomba muwape wale wa chini, Misheck na nyumba zile zote. Si kuwakopesha. Si kuwakodisha. Muwape.

Msitikise vichwa. Nawajua. Nyamu, umeshaongea na mtu wa hoteli. Purity, ulisema wiki iliyopita, ukadhani nimelala, "Tukigawa, watoto wetu watarithi nini?" Mwanangu, hoja hiyo naijua kabla yenu, niliibeba tumboni. Ndiyo iliyomfunga baba yenu mdomo. Inasema mtoto wangu ambaye bado hajaja ana haki kuliko mtoto wa mwenzangu aliye mbele yangu anatetemeka. Na ubaya wake ni kwamba si uongo kamili. Kama Njura angetoa uwanda siku ile, huenda wewe Nyamu usingekuwako hapa. Nimeishi na jambo hilo. Nimekupenda kila siku nikijua hivyo, na kila siku nimemwona mtoto wa Karambu. Mtu hawezi kuchagua kati ya hao wawili akabaki mzima. Lakini leo, wanangu, leo hakuna wa kuchagua. Mmeshazaliwa! Kiondo kimeshafumwa. Mkiutoa uwanda hakuna kati yenu atakayetoweka; mtapungukiwa, basi. Kupungukiwa si kufa.

Nilienda kwa Misheck nikiwa bado natembea. Aliinua mkeka akanionyesha ufa umepita chini ya kitanda cha watoto. Chifu alishawaambia wahame, kwenye baraza, kwa kipaza sauti. Redio imewaambia. Ninyi mmewaambia, Nyamu, nilikusikia ukiwaambia kwa huruma, "Poleni, hapa si salama." Kila mtu anawapa habari. Misheck akaniuliza lile swali la Karambu, wahamie wapi, na safari hii nilikuwa na jibu, ila jibu lina sahihi zenu.

Mnaisikia hiyo mvua? Sikieni na hizo sauti. Mnadhani masikio yangu yamekufa kabla yangu? Tangu jioni nawasikia pale nje, wanawake, na watoto wakikohoa, na mtu anaburura godoro. Wamepanda. Wamepanda wenyewe, wako langoni, na wewe Nyamu ulitoka ukawaambia kitu ukarudi umelowa, nikasikia mnyororo. Uliwaambiaje? Hukusema hapana. Najua hukusema hapana, wewe si mtoto mbaya. Umewaambia mama ni mgonjwa. Umewaambia wangoje, baada ya mambo haya mtakaa.

Nizikeni karibu na baba yenu, lakini si ubavuni kabisa, muache nafasi ya mtu mmoja. Idrisi hana kaburi. Pango mlizibe kwa mawe. Yaliyopita hayana faida kwa mtazamaji.

Nipeni mikono. Yako ni baridi, Purity. Mungu wa mlima huu na wa mabonde yake awape... awape watoto wanaocheka. Mvua iwanyeshee shambani, isiwanyeshee kitandani. Msiombe mkakosa. Msiombwe mka... Naona giza, au ni taa? Sawa.

Nyamu. Mwanangu. Ufunguo uko mfukoni mwako, nausikia ukigonga. Nenda ukawafungulie lango.